Jirani Yetu Mnara Hafungui Lango

Luberizi, tarehe 12 Machi 2003, juma la kwanza la Kwaresima

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Kampuni ya Simu Ruzitel, Uvira
Kwa mkono wa Hyacinthe, dereva wa minibasi, ambaye ameapa hataifungua barua hii

Bwana Mkurugenzi, jirani yetu ambaye bado hatujaiona sura yako,

Salamu nyingi katika Kristo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa vita. Tunatumaini nawe hujambo, pamoja na mama wa nyumbani, watoto na jenereta.

Mimi ninayekuandikia ni Libérat Niyonzima, katekista wa hapa Luberizi na mkulima wa mpunga. Wazee wamenichagua mimi kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na kwa sababu, kama wanavyosema, hata nikikasirika bado naweka nukta mahali pake. Mke wangu Generose amenishauri niandike kifupi, eti wakubwa hawana muda. Lakini mke wangu hajawahi kumwandikia mkubwa, na mimi naona mkubwa asiye na muda wa kusoma ndiye hasa wa kuandikiwa kirefu.

Kwanza nikukumbushe tulivyofahamiana. Miaka miwili iliyopita mlimtuma kwetu Bwana Bruno, mjumbe wenu, kijana mwenye tai na viatu vyeusi ambavyo matope yetu yaliviharibu siku hiyohiyo. Alikuja kuomba mahali pa kusimamisha mnara. Chefu wa kijiji alimwonyesha kiwanja kando ya barabara, ubavuni mwa nyumba ya Mama Pudentienne. Kabla hajaondoka, tuliweka chungu cha pombe ya mtama katikati, tukamkabidhi mrija. Wewe labda umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze: kwetu ujirani hatuutii sahihi, tunaunywa. Aliyetia mrija wake katika chungu pamoja na wengine amekuwa jirani, yeye na nyumba yake, na mambo ya jirani yanamhusu. Bwana Bruno aliuliza kama anakunywa kwa nafsi yake au kwa niaba ya kampuni. Chefu alimuuliza ni nani kati ya hao wawili atakayebaki hapa. Akasema ni kampuni. Basi akanywa kwa niaba ya kampuni, akakohoa, akanywa tena, na sisi tukapiga makofi. Mrija wenu tuliufunga uzi wa manjano na wa zambarau, rangi zenu, usije ukachanganyika na ya watu wengine, na mpaka leo uko darini kwa chefu pamoja na mirija yetu.

Kisha mkaleta saruji. Mkajenga ukuta mrefu kuliko wa kanisa, lango la chuma, na ndani yake mnara. Ukutani mkaandika kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani: "Ruzitel, jirani wa wote." Tulifurahi sana siku ile. Tulisema, hawa watu wameelewa, tena wameandika.

Tangu hapo tumekusanya malalamiko yafuatayo, nami nayaweka kwa namba ili msiyapoteze.

1. Hamsalimii. Tangu Bwana Bruno aondoke, hakuna mtu wa nyumba yenu aliyepita kutujulia hali. Tulisema labda mna haya kama wageni wengine, tukaamua kuwaanza sisi. Tulichanga, tukanunua uniti, tukapiga ile namba iliyoandikwa ukutani. Akapokea mama mmoja mwenye sauti laini. Nilimwamkia, nikamuuliza habari za watoto. Akaniambia nikitaka Kiswahili nibonyeze moja. Nilikuwa nasema Kiswahili tayari, lakini kwa heshima nikabonyeza, nikamwamkia upya. Akaniambia nikitaka kujua salio nibonyeze mbili. Generose alininyang'anya simu, akasikiliza kidogo, akasema: "Huyu mama iko na adabu, lakini masikio hana." Uniti zikaisha tukiwa bado kwenye salamu. Bwana Mkurugenzi, hapa kwetu hata mtu tuliyegombana naye mahakamani tunamsalimu bure.

2. Hamji kilioni. Mama Pudentienne, niliyemtaja juu, alifariki mwanzoni mwa Februari. Sababu nitaieleza mahali pake. Nyumba yake na ukuta wenu vinatenganishwa na kichochoro cha kupitisha mbuzi mmoja. Jirani wa karibu kuliko wote ndiye anayeleta kuni za moto wa matanga. Ndivyo ilivyo, hata kama mlitukanana jana yake. Tulingojea kuni zenu. Mlichotuletea ni ngurumo ya jenereta. Tulipoanza rozari, nayo ikaanza. Tulipandisha sauti, haikujali. Kufika fumbo la tatu la uchungu nilikuwa nasali kwa kelele kama mtu anayefukuza ndege mpungani. Siku ya maziko, tukiwa bado kaburini, simu zote zililia kwa pamoja. Ulikuwa ujumbe wenu: "Furahi! Wikiendi hii ongea bure na umpendaye!" Chefu alitutuliza, akasema tuuchukue kama rambirambi iliyoandikwa na mtu ambaye Kiswahili hajakizoea. Tumeuchukua hivyo. Ila mume wa marehemu, Mzee Venant, bado anauliza hizo dakika za bure azitumie vipi.

3. Hamtoki salongo, kazi ya pamoja ya kijiji. Kila Jumamosi tunasafisha mfereji unaoleta maji mashambani. Mfereji huo unapita chini ya ukuta wenu, na ukitokea upande wa pili maji yake yana rangi zote za upinde wa mvua na harufu ya mazutu, mafuta ya jenereta yenu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi tuliwapa mwaka mzima, ndipo tukaleta jembe langoni. Mlinzi wenu, ambaye sisi tunamwita sentineli, alilipokea kwa adabu, akasema ombi litapanda ngazi. Likapanda. Tukapanda mpunga, tukavuna, ndipo likashuka: gari likaleta boksi la kofia za manjano na kijana wa kupiga picha. Tulivikwa kofia, tukapigwa picha tukiwa tumeinama mferejini. Baadaye tukasikia picha hiyo imebandikwa mjini, na chini yake pameandikwa kwamba Ruzitel inasafisha mifereji. Jembe letu hatujarudishiwa.

4. Taa. Ile taa yenu nyekundu juu ya mnara inawaka usiku kucha ili ndege za angani zisigonge. Ndege za angani hazipiti hapa. Wanaopita ni akina mama wenye uchungu wa kuzaa, na nesi Fanny anawazalisha akiwa ameshika tochi kwa meno. Tuliomba waya mmoja tu. Mlisema usalama hauruhusu. Hatukuelewa ni usalama wa nani.

5. Hapa naomba usome ukiwa umeketi. Tangu vita hivi vianze, serikali zinabadilika katika tambarare yetu kabla sijawafundisha watoto jina la ile ya jana kwa ajili ya sala ya kuwaombea viongozi. Siku hizi tunasali tu kwa ajili ya yeyote aliye kwenye kizuizi. Kila mmoja anafika na bendera yake, muhuri wake na kamba yake ya kufunga barabara. Wote wanasema wametukomboa. Na wote, Bwana Mkurugenzi, kabla hawajamsalimu chefu, wanamtuma mtu mnarani kumwambia sentineli asiogope.

Nimechunguza jambo hili kwa makini. Wamepiga risasi shule. Wamechoma mlango wa kanisa kupikia maharage. Wamekula mbuzi bila kuuliza jina la mwenye mbuzi. Lakini ukuta wenu hauna hata tundu moja. Nilimwona kamanda mmoja akimchapa askari wake kwa kosa la kuegemeza baiskeli kwenye lango lenu. Na siku walipokuwa wakipigana wao kwa wao karibu na Sange, tulisikia kwamba makamanda wa pande mbili walikuwa wakipigiana simu kutukanana, kila mmoja kwa uniti zake, kupitia mnara huohuo. Watu husema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Lakini ninyi si nyasi na wala si tembo. Ninyi ndio mnaowauzia tembo uniti.

Sasa tufikiri pamoja kama watu wazima. Kitu ambacho kila mwenye bunduki anakiheshimu, ambacho hakihami serikali zikihama, ambacho kina ukuta, sheria zake na mafuta yake, kitu hicho tukiiteje kama si serikali? Kwa hiyo wazee wamekubaliana kuwaomba rasmi muwe serikali yenyewe. Tuko tayari kulipa kodi kwenu na si kwenye vizuizi. Kwa kubadilishana, mtuletee mwalimu, mtupigie muhuri vyeti vya watoto, na mwamue kesi ya mpaka wa shamba kati yangu na mkulima mwenzangu Sévère, ambayo iko wazi kabisa, maana Sévère amekosa. Mkikataa kazi za serikali huku mmeshika heshima yake, mjue hiyo ni tabia ya shemeji anayekula kwanza na kuugua wakati wa kulima.

6. Kama hamtaki kuwa serikali, basi mtuandikishe kama mali yenu. Ombi hili msilishangae. Tumeona kwamba watu hapa wanapigwa, lakini vitu vya Ruzitel havipigwi. Sévère huyohuyo (mkaidi, lakini akili anazo) aliokota mabaki ya rangi yenu, akampaka mbuzi wake manjano upande mmoja na zambarau upande wa pili. Majeshi mawili yamepita, na hakuna aliyemgusa yule mbuzi. Askari walikuwa wakimpisha njiani. Wake zetu wakaanza kuulizana kama rangi inadhuru ngozi ya mtoto. Kisha akaja fundi wenu kutazama mnara, akamwona mbuzi, akazisoma rangi zake, akasema hiki ni chombo cha kampuni, akampakia katika gari na kuondoka naye. Sévère alikimbia nyuma ya gari mpaka pumzi zikamwishia. Basi tuambieni mnavyotuhesabu. Mbuzi akiwa wenu, mnamchukua. Mtu akiwa jirani yenu, mnamfungia lango. Tungependa tupakwe rangi, kuanzia wazee na wajawazito, na mtupe barua ya kumzuia fundi.

7. Sasa lango lenyewe. Yote niliyoandika hapo juu, Bwana Mkurugenzi, nimeyaandika ili nisifike hapa haraka.

Mwezi wa Januari, siku ya soko, risasi zilianza upande wa Lubarika, zikaja kwetu kama mvua inayosogea. Watu walikimbia. Kukimbilia wapi? Nyumba zetu ni za udongo, risasi inaingia mlangoni na kutokea jikoni bila kupunguza mwendo. Ndani ya ukuta wenu mna uwanja wa saruji unaotosha kijiji kizima kukaa chini, na hakuna mwenye bunduki anayethubutu kuupiga. Tulifika langoni, wanawake, wazee na watoto migongoni, tukagonga. Tuligonga kwa mikono, kisha kwa mawe. Sentineli wenu alikuwa ndani, tulikuwa tunaziona ndala zake chini ya lango. Akatujibu: "Mubanisamehe. Minye niko sentineli tu. Rukusa ya kufungula iko Uvira." Na langoni pamebandikwa bati lililoandikwa kwamba asiye wa kampuni haingii. Bati hilo liko chini kidogo ya yale maneno ya jirani wa wote.

Tukaenda kulala mpungani. Ndivyo tunavyofanya: unalala kifudifudi majini, unabakiza pua, unawafunika watoto kwa mkono. Tulilala hivyo mpaka jua likaelekea kuzama. Mama Pudentienne, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka langoni kwenu, alitoka majini akitetemeka, na kikohozi hakikumwacha tena. Hiyo ndiyo sababu niliyosema nitaieleza mahali pake. Mimi ndiye niliyemwongoza kwa mkono kutoka langoni kumpeleka majini, na mpaka leo mkono wangu unamkumbuka. Nimekasirika, Bwana Mkurugenzi. Naandika kwa adabu, lakini nimekasirika.

Siku ile mkwe wangu Kaneza, mke wa mwanangu Frédéric, alikuwa na mimba ya miezi saba, akalala kwa ubavu. Sasa miezi imetimia. Frédéric yuko Bujumbura anatafuta kazi, na njia imefungwa, hawezi kurudi. Juzi Kaneza alikuwa anachambua sombe, akaacha, akaniuliza: "Baba, bakipiga tena, minye nitalala namna gani mu ile mayi?" Mimi ni katekista. Nina jibu la mwenye haki aendako, na la mwenye dhambi aendako, na la watoto waliokufa bila ubatizo. La mwenye mimba alalaye majini katekisimu haina. Niliona aibu, nikainuka nikaenda kuangalia maji shambani, na maji hayakuwa na tatizo lolote.

Nimempigia Bwana Bruno mwenyewe kumuuliza nani anaweza kutoa ruhusa. Hakuwa na ubaya, alinisikiliza. Alisema yeye hana uwezo, ni ofisi ya Uvira. Uvira wakamwambia ni Bukavu. Bukavu wakasema ni Kinshasa. Kinshasa wakasema kampuni ni ya wenye hisa, wako ng'ambo, ni wengi, hawajuani, na kila mmoja ana kipande kidogo tu. Nikamwomba aniulizie ni yupi kati yao mwenye kile kipande cha lango. Hajanijibu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hapa nyoka tunaye, na fimbo imegawanywa vipande na kupelekwa ng'ambo.

8. Mwisho, sentineli wenu. Jina lake ni Thaddée, mwana wa Lubarika. Mimi mwenyewe nilimfundisha katekisimu. Alikuwa mwepesi wa kukariri: mpende jirani yako kama nafsi yako, aliisema bila kukosea hata herufi. Sasa amekariri kanuni zenu kwa wepesi uleule. Naomba mumwachishe kazi, mtuletee mtu ambaye hajui kusoma lakini anasikia hodi.

Haya ndiyo malalamiko. Ombi letu ni moja, na unaweza kuyasahau mengine yote: wakipiga tena, lango lifunguliwe. Hatutagusa mashine. Hatutakojoa ukutani. Tutakaa chini na kunyamaza, watoto tutawaziba midomo, na wakiacha kupiga tutafagia na kutoka. Kaneza atapewa kona.

Mkikataa, tutafanya kwa mujibu wa desturi. Jumapili ijayo baada ya misa, chefu atautoa mrija wenu darini na kuuvunja mbele ya watu. Kuanzia hapo ninyi si jirani wa mtu. Hakuna atakayewapa kaa la moto. Wanawake wakienda mferejini hawatausalimu mnara, kama walivyozoea kufanya kwa mzaha. Na vijana wanaowasukumia mapipa ya mazutu kutoka barabarani watakuwa na maumivu ya mgongo, wote, kwa muda usiojulikana. Hatutarusha jiwe hata moja. Mtabaki na ukuta wenu na ile taa.

Nifikishie salamu kwa mama wa nyumbani na watoto, kwa Bwana Bruno na viatu vyake, kwa yule mama wa kwenye simu (mwambie nilibonyeza mbili), kwa ofisi za Bukavu na Kinshasa, kwa wenye hisa wote kila mmoja na kipande chake, na kwa fundi aliyekula mbuzi, maana hatudhani bado anamfuga. Mungu awajalie Kwaresima yenye toba.

Ni mimi jirani yako, kwa niaba ya wazee walioweka alama za vidole nyuma ya karatasi hii,

Libérat Niyonzima
Katekista, mkulima, na mwandishi wa baraza la kijiji

Nakala moja imebandikwa langoni kwa ajili ya mnara wenyewe.

Baada ya sahihi. Bwana Mkurugenzi, naomba usome hapa kwanza.

Barua hii ilikuwa iondoke Alhamisi. Haikuondoka, kwa sababu Alhamisi walipigana tena, kutoka Sange mpaka huku. Leo njia imefunguliwa na Hyacinthe anapiga honi. Ningeichana, lakini wazee wameshaweka vidole, nisipoituma watasema mmenihonga kofia. Karatasi nyingine parokiani hakuna. Kwa hiyo inakuja kama ilivyo, ila ukweli ni huu ufuatao, na ile nakala ya langoni nimeshaibandua.

Lango lenu halikufunguliwa. Atakayewaambia kwamba Alhamisi watu wa Luberizi waliingia ndani ya ukuta wa Ruzitel ni mwongo, hata akiwa ni padri. Tulilala mpungani kama kawaida yetu. Maji yalikuwa mazuri. Fundi wenu akikuta alama za miguu kwenye saruji, ni za mbuzi. Hapa kwetu mbuzi wengine wanavaa ndala. Matundu mapya kwenye lango ni kutu. Saruji imefagiwa vizuri kwa sababu ya upepo.

Kuhusu jenereta, nafuta malalamiko yangu. Ni ngurumo nzuri sana, ina faida zake. Mwanamke angeweza kulia kwa uchungu wake wote karibu nayo, na askari walioko barabarani wasisikie kitu. Nafikiria tu.

Kuhusu mrija, Jumapili hatutauvunja. Chefu ametengeneza mwingine mpya, hauna uzi wa rangi yoyote, na amenikataza kusema ni wa nani.

Kuhusu sentineli Thaddée, naondoa ombi langu, na nakuomba kwa magoti usimwachishe kazi. Ni mtu mgumu kama mnavyotaka. Nilimwona kwa macho yangu, mimi nikiwa majini, amesimama na ufunguo mfukoni, na hakuutoa. Hakusema, "Muingie mbio, Uvira iko mbali." Koti lake la mvua lenye jina lenu hakulitandika chini kwa ajili ya mtu, lile doa lilikuwapo tangu zamani. Ana mke na watoto huko Lubarika, nao wanakula kwa mshahara wenu. Kama mna nishani ya mtumishi asiye na huruma, mpeni yeye.

Kaneza amejifungua hukohuko mpungani, salama, mtoto mkavu kabisa. Ni msichana. Tumempa jina la Thaddéa. Ni jina la mtakatifu, basi. Mtu akija kuwaambia kwamba sikukuu ya mtakatifu huyo ni mwezi wa kumi na sisi tuko Machi, msimsikilize: hapa katekista ni mimi.